Mwalimu, Mpe Ruhusa ya Kwenda Chooni

Kila aliyesoma sekondari katika nchi hii anaijua sentensi hii: "Kaa chini, mapumziko yako karibu." Mwanafunzi amenyoosha mkono, ameomba kwenda chooni, mwalimu amemtazama mara moja na kurudi ubaoni. Darasa linacheka kidogo, kipindi kinaendelea. Tuliisikia tukiwa wanafunzi, na sisi tunaosoma Elimu ndio tutakaoisema mwakani au mwaka unaofuata. Wenzetu waliotoka TP juzi wengine wameshaanza, na wanaisema vizuri kabisa, kwa sauti ileile ya walimu wao.

Nina ombi moja kwa walimu watarajiwa wenzangu, na nitalieleza kwa njia ndefu kidogo, maana kwa njia fupi halijawahi kumshawishi mtu. Kabla hujamnyima mtoto ruhusa ya chooni kwa mara ya tatu siku hiyohiyo, kabla hujamnyang'anya biskuti anayoitafuna chini ya dawati, na kabla hujamwita jeuri au mwenye mapepo mtoto aliyeanza kujibu mambo yasiyoeleweka, jiulize kinachoendelea ndani ya seli zake. Najua inachekesha. Nani anafikiria seli akiwa na watoto themanini mbele yake na chaki imebaki nusu? Lakini upo ugonjwa ambao dalili zake ni mambo yaleyale ambayo shule zetu zinayaadhibu. Ni kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowapata zaidi watoto na vijana.

Tuanze na jina, kwa sababu jina lenyewe linapotosha.

Mtaani hatusemi hata kisukari, tunasema "ana sukari". Ukisikia hivyo unaona kikombe cha chai kilichozidishwa vijiko. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na miwili akiambiwa ana kisukari, swali la kwanza la majirani ni alikuwa anakula nini. Mama anaulizwa kwa nini alikuwa anampa soda. Bibi anakumbuka miwa ya mwaka juzi. Wazungu nao hawakutuzidi sana: jina la kitaalamu la ugonjwa huu lina neno la Kilatini linalohusu asali, kwa sababu waganga wa zamani waligundua kuwa mkojo wa mgonjwa ni mtamu. Huko India waganga wa kale waliona hata sisimizi wanaukimbilia. Yaani ugonjwa ulipewa jina kwa kile kilichoonekana nje, kwenye mkojo. Hitilafu yenyewe iko mbali na mkojo, na kwa mtoto huyu haina uhusiano na chai wala miwa ya bibi.

Hitilafu ni ya mawasiliano. Mwili una seli nyingi mno, kila moja imezungukwa na utando wake, na hakuna iliyo na macho ya kuona mwenzake anafanya nini. Zinapeana habari kwa kemikali. Ukila ugali, wanga unavunjwavunjwa kuwa glukosi na glukosi inaingia kwenye damu. Msuli wa mguu haujui kama umekula. Lazima uambiwe.

Wa kuuambia ni seli fulani ndani ya kongosho, zinaitwa seli beta. Hizi zinaionja damu. Glukosi ikiongezeka, kiasi chake kinaingia ndani ya seli beta na kuchomwa kama mafuta ya kibatari. Nishati inayotokana nayo inafunga vijitundu vya potasiamu kwenye utando, chaji ya utando inabadilika, kalsiamu inaingia, na vifuko vilivyojaa insulini vinajimwaga kwenye damu. Hiyo insulini ndiyo habari yenyewe. Inasafiri mwili mzima ikisema neno moja tu: chakula kimefika.

Sasa hapa ndipo madesa yetu yanapokosea. Yanasema insulini "inapeleka sukari ndani ya seli", kama vile ni mpagazi. Haipelekei mtu sukari. Fikiria nyumba ya ajabu ambayo mlango wake haukai ukutani. Unahifadhiwa uani na kuletwa pale tu mgeni anapopiga hodi. Insulini ni ile hodi. Inagusa kipokezi kilichochomekwa kwenye utando wa seli, nusu kiko nje na nusu ndani. Ikigusa upande wa nje, upande wa ndani unajikunja na kuanza kubandika fosfeti kwenye protini iliyo karibu, hiyo nayo inaiamsha nyingine, nayo nyingine tena. Aliye sebuleni anamwita aliye ukumbini, wa ukumbini anamwita wa uani. Mwisho wa mnyororo, vifuko vyenye milango ya glukosi vinapanda juu na kuungana na utando. Milango imefika ukutani, glukosi inaingia. Hodi ikinyamaza, milango inarudishwa uani. Hivi ndivyo inavyokuwa kwenye misuli na kwenye mafuta ya mwili.

Ukishaiona nyumba hiyo, utaelewa kwa nini nasema tunaita magonjwa mawili kwa jina moja.

Kwenye aina ya kwanza, mpiga hodi amekufa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kuua vijidudu, imezigeukia seli beta na kuzimaliza. Ndani ya nyumba kila mtu yuko macho, kipokezi ni kizima, mnyororo ni mzima, milango iko tayari uani. Hakuna wa kuiita. Kwenye aina ya pili, ile ya wajomba na mashangazi zetu wengi, hodi inapigwa, tena mwanzoni inapigwa kwa nguvu kuliko kawaida, lakini walio ndani wamekuwa wazito wa kusikia. Kongosho linaongeza sauti mwaka baada ya mwaka mpaka nalo linachoka. Kuna hata watoto wachache mno duniani wanaozaliwa na kipokezi chenyewe kikiwa kibovu: damu yao imejaa insulini kupita kiasi na bado glukosi haiongozwi. Kwa watoto hao unaona wazi kwamba kuwa na insulini si kitu kimoja na insulini kusikika.

Kwa nini mwalimu ajue haya? Kwa sababu ushauri unahama kutoka nyumba moja kwenda nyingine bila kuuliza ni ugonjwa upi. Shangazi mwenye aina ya pili anatembea kila jioni, amepunguza wali, anameza vidonge, na akikosa dawa wiki moja anaweza asione tofauti kubwa siku hiyo. Anakunywa na mlonge, anajisikia vizuri, anasimulia kwenye kikoba. Mama wa mtoto mwenye aina ya kwanza anasikia. Mtoto wake anachomwa sindano kila siku, analia, na sasa kumbe kuna majani. Au kuna maombi ya siku saba. Sindano inasimamishwa. Kwa shangazi huenda pasitokee kitu cha haraka. Kwa mtoto, siku chache bila insulini zinatosha kumuua.

Anakufaje, na darasani inaonekanaje? Bila hodi, misuli na mafuta havipati glukosi, kwa hiyo mwili unaamini kuna njaa. Njaa katikati ya ghala lililojaa. Ini linaongeza glukosi nyingine kwenye damu ambayo tayari imezidiwa. Mafuta yanaanza kuyeyushwa, na ini linayageuza kuwa ketoni, ambazo zikizidi zinaifanya damu iwe na tindikali. Figo nazo zina kiwango chao cha kuvumilia. Glukosi ikipita milimoli 10 hivi kwa lita, zinashindwa kuirudisha yote na inamwagika kwenye mkojo, ikivuta maji pamoja nayo. Sasa mtazame mwanafunzi wako. Anaomba kwenda chooni kila kipindi. Anarudi akiwa amepitia bombani. Usiku analowesha kitanda bwenini, yeye mwenye miaka kumi na tatu, na wenzake wanamtungia jina. Anakonda huku anakula sana. Anasinzia. Mwishoni anatapika, anahema kwa kina na haraka, na pumzi yake inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wakati huo ukimwambia mtu yeyote kwetu, atasema malaria kali, au nimonia, au kuna kitu amelishwa. Tone moja la damu kwenye kidole na mashine ndogo ya kupimia sukari vingetoa jibu kwa sekunde chache, lakini lazima kwanza awepo mtu wa kusema: mpimeni na sukari. Mtu anayekaa na huyo mtoto saa nane kwa siku ni mwalimu.

Hapo nimezungumzia mtoto ambaye hajagunduliwa. Yupo na aliyegunduliwa, ambaye tungetegemea awe salama zaidi.

Nilipokuwa TP, kwenye shule ya bweni ambayo sitaitaja, kulikuwa na msichana wa kidato cha pili mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Kila asubuhi alikwenda chumbani kwa matroni kujichoma insulini yake. Siku moja kulikuwa na mchakamchaka mrefu kuliko kawaida, kuni zilikuwa zimelowa, uji ukachelewa, na kengele ya kipindi cha kwanza ikagongwa kabla kundi lao halijanywa. Alikuwa ameshajichoma. Kwenye kipindi cha pili akaanza kutoka jasho na kutetemeka. Mwalimu akamuuliza swali, akacheka. Akaulizwa tena, akajibu kitu ambacho hakikuwa jibu wala tusi, maneno tu yaliyolegea. Akaambiwa atoke nje apige magoti juani mpaka adabu imrudie. Huko nje akaanza kuyumba, na wasichana wawili wa darasa la jirani wakaanza kumkemea pepo kwa sauti. Aliyemwokoa ni rafiki yake wa kitanda cha juu. Alitoroka darasani, akakimbia hadi kwenye duka la shule, akarudi na chupa ya soda na kumnywesha kidogo kidogo. Mimi na matroni tulifika akiwa ameshakunywa nusu. Kama robo saa baadaye msichana aliinua kichwa, akauliza sasa hivi ni kipindi gani.

Lakini kilichonikaa moyoni ni mjadala wa ofisini baada ya pale. Mwalimu mmoja, mtu mwema kabisa, anayependwa na wanafunzi, alishangaa kwa dhati: "Sasa mwenye sukari anapewaje soda? Si ndiyo mnamuua?" Na nusu ya ofisi ikamuunga mkono. Yule rafiki aliandikwa kwenye kitabu kwa kutoroka kipindi.

Jina hilo. Kama ugonjwa unaitwa sukari, basi sukari ni sumu yake, na akili ya kawaida inaishia hapo. Kwa hiyo acha nieleze kilichotokea asubuhi ile, hatua kwa hatua, kwa sababu hakuna pepo hata mmoja ndani yake.

Kongosho zima linasikiliza. Glukosi ikishuka, seli beta zinanyamaza na hodi inakoma. Insulini ya sindano haina masikio. Ikishaingia chini ya ngozi itaendelea kupiga hodi hadi iishe, uji uwe umefika au haujafika. Ongeza mchakamchaka. Msuli unaofanya kazi una njia yake ya pembeni ya kuleta milango ukutani hata bila hodi, ndiyo maana mazoezi ni dawa nzuri kwa shangazi wa aina ya pili. Kwa msichana yule, asubuhi ile, milango ilikuwa inaitwa na wawili kwa wakati mmoja, sindano na mbio, na hakuna kilichokuwa kinaingia kutoka tumboni. Glukosi ya damu ikaporomoka.

Ubongo ndio unaoumia kwanza. Ni karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Hausubiri hodi ya insulini. Milango yake ya glukosi iko wazi muda wote. Ila ghala hauna. Kilichopo kwenye damu ndicho chakula chake. Kikipungua, mwili unatuma ishara nyingine, adrenalini, na hiyo ndiyo inayoleta jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Ni kengele ya hatari. Isipoitikiwa, mtu anaanza kuchanganyikiwa, kucheka bila sababu, kugomba, kulegea ulimi. Baadaye degedege, kupoteza fahamu. Kwa macho ya mwalimu wa zamu huo ni ujeuri, kwa macho ya wasichana wa fellowship ni pepo, na wote wawili wanaangalia ubongo uliokosa chakula.

Na dawa yake, wakati huo, ni sukari. Nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi, au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kama bado anaweza kumeza. Subiri robo saa. Kama hajarudi sawasawa, rudia. Akirudi, apate chakula cha kueleweka. Kama hana fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Hakuna mwalimu wa kawaida asiyeweza kukumbuka hayo. Tunakumbuka mambo magumu zaidi kwa ajili ya UE.

Najua hoja mbili zitakazokuja, maana nimeshabishana nazo kimbwetani. Ya kwanza: mwalimu si daktari. Kweli. Wala sijaomba mwalimu apange dozi. Nimeomba asimpigishe mgonjwa magoti juani. Ya pili: ukiruhusu mmoja, darasa zima litaomba chooni. Hii ina uzito zaidi, namheshimu anayeisema, kwa sababu amewahi kusimama mbele ya kidato cha tatu siku ya Ijumaa mchana. Lakini mtoto anayetoroka kipindi anachagua kipindi. Huyu anaomba hata kwenye somo analolipenda, anaomba kwenye mtihani, anaamka usiku. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake anaona tofauti ndani ya wiki moja. Asiyewajua hiyo wiki haitamsaidia, na tatizo lake si choo.

Wengine wananiambia hao watoto ni wachache mno kuhangaikiwa. Kisukari kinachozungumzwa nchini ni kile cha watu wazima, na hiyo inaeleweka: utafiti wa vijijini uliochapishwa mwaka 1989 na McLarty na wenzake ulikuta chini ya asilimia 1 ya watu wazima wanacho, na ule wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta karibu asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za tafiti hizo si sawa, lakini mwelekeo unaonekana, na ndio unaojaza mabango. Mtoto wa aina ya kwanza anapotea chini ya bango la tumbo kubwa na chipsi. Halafu wale wanaokufa wakidhaniwa wana malaria hawahesabiwi popote kama wagonjwa wa kisukari. Uchache wa namna hiyo mimi siuamini sana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi haya tunafundishwa. Angalau sisi wa Elimu tuliochukua Biolojia. Mwaka wa pili tulichora mnyororo huo wote, kipokezi, fosfeti, protini zenye majina kama namba za magari, mishale kutoka juu hadi chini. Alama kumi. Tuliukariri kwa wimbo, tukautapika kwenye mtihani, na anayekumbuka mshale wa nne leo ni mtu wa pekee. Hatukuulizwa swali moja ambalo kwa maoni yangu lingestahili alama zote kumi: mshale ukikatika hapa, mgonjwa wako anaonekanaje? Na ukikatika pale?

Swali hilo halifai kwa kisukari peke yake. Chukua kipindupindu. Sumu ya kile kimelea inaingia kwenye seli za utumbo na kukwamisha swichi moja ya mawasiliano upande wa kuwaka. Seli inaendelea kupokea amri ambayo hakuna aliyeitoa, inamwaga chumvi, maji yanaifuata, na mtu anaweza kukauka ndani ya saa chache. Lakini mlango unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja haujaguswa. Ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari, kitu cha jikoni kabisa, yanaokoa mtu aliyekauka. Mwanafunzi akielewa kwa nini sukari iko kwenye ile pakiti, hatamwambia mama yake aweke chumvi tu. Sisi tulielezwa kwamba pakiti inasaidia. Kwa nini inasaidia hatukuelezwa, na tukaenda kufundisha vilevile.

Aliyezigundua zile kambi ndogo za seli ndani ya kongosho, ambazo leo zinabeba jina lake, alikuwa Paul Langerhans. Mwaka 1869, huko Berlin, alizieleza kwenye tasnifu yake. Alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 na hakujua zinafanya kazi gani. Alisema tu zipo. Na pale Toronto kiangazi cha mwaka 1921, Frederick Banting alipoanza kutafuta kile kinachotoka kwenye seli hizo, msaidizi wake Charles Best alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza. Miaka 22. Umri wangu, na huenda wako. Januari 1922 dawa yao ilichomwa kwa mvulana aliyeitwa Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki na uzito wa kilo 30 hivi, kwa sababu tiba pekee iliyokuwepo ilikuwa kumshindisha mgonjwa na njaa ili achelewe kufa. Sindano ya kwanza haikuwa safi na haikufanya lolote la maana. James Collip akaisafisha, na ya pili, siku chache baadaye, ikafanya. Thompson aliishi miaka 13 zaidi. Haki za ugunduzi waliuza kwa chuo kikuu chao kwa dola 1 kila mmoja. Nobeli ya mwaka 1923 walipewa Banting na John Macleod, mkuu wa maabara. Best hakutajwa, na Banting akamgawia nusu ya fedha zake. Hilo la Nobeli nimeliweka kwa ajili ya wale wanaofanya group assignment peke yao.

Zaidi ya miaka mia imepita. Dawa ipo, na kwa mtoto wa bweni ugumu umebaki kwenye vitu vidogo vidogo. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na shule nyingi friji pekee iko nyumbani kwa mkuu wa shule. Pasipo friji, chungu cha udongo kilicholowanishwa, kikawekwa kivulini, kinapunguza joto kwa kiasi cha kusaidia, na chungu hakihitaji kibali cha bodi. Biskuti ndani ya begi inahitaji sheria ya shule ilegezwe kwa mtu mmoja. Uji kabla ya mchakamchaka kwa mtoto mmoja unahitaji mpishi aambiwe. Rafiki wa kitanda cha juu anahitaji kuambiwa rasmi kuwa ana ruhusa ya kukimbia dukani, asije akaandikwa kwenye kitabu.

Semina yetu ya kuandaliwa TP inachukua siku mbili. Mwaka jana tulielezwa kuhusu andalio la somo, azimio la kazi, urefu wa sketi, tai, na namna ya kusalimia walimu wenyeji. Nilihesabu: mavazi yalichukua dakika arobaini. Mtoto mgonjwa darasani hakutajwa hata mara moja, wa kisukari, wa kifafa, wa pumu wala wa selimundu. Wenzetu wa Uuguzi wapo upande wa pili wa barabara, na niliozungumza nao wamesema wako tayari kuja kutuonyesha bure namna ya kupima kidole na namna ya kumlaza mtu ubavu. Wanachotaka ni mwaliko.

Barua ya kuomba saa moja kwenye semina ya mwaka huu nimeshaiandika na nimemwachia mwakilishi wa darasa la mwaka wa tatu Elimu. Hadi naandika haya ina sahihi thelathini na moja. Anakaa kimbweta cha chini ya mwembe, nyuma ya maktaba, kuanzia saa kumi jioni, na kalamu anayo.